Seti za kuinua gari: ipi inafaa barabara za Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mwenye Prado au Hilux akienda kununua seti ya kuinua gari, swali la kwanza analoulizwa dukani ni inchi ngapi. Swali hilo ndilo linalowapoteza wengi. Gari linalopeleka mbolea Mau Narok kila wiki na gari la familia linalopanda Mlima Elgon wakati wa likizo yanaweza kuinuliwa milimita 50 yote mawili, moja likawa raha kuendesha na lingine likawa adhabu, kwa sababu springi za hilo la pili hazikuchaguliwa kwa uzito wake. Urefu ni matokeo tu. Unacholipia hasa ni springi zinazolingana na mzigo, shokabu zenye nguvu ya kuzituliza springi hizo, na vipande vidogo vya kurekebisha pembe ambavyo muuzaji huviacha nje ya bei ili seti ionekane nafuu.

Tuanze na kile ambacho kuinua hakukifanyi. Kwenye ukanda wa miwa, Muhoroni, Chemelil hadi Mumias, trela za trekta huchimba mifereji miwili barabarani na kuacha mgongo katikati. Hilux ikiingia humo, kinachokwaruza mgongo ni difu ya nyuma, kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli, na difu iliyo kwenye ekseli nzima, ile inayounganisha magurudumu mawili, haipandi hata milimita moja kwa kubadilisha springi. Springi huinua bodi na chesisi. Difu inabaki pale tairi ilipoiweka. Prado 120 yenye tairi 265/65R17 ina tairi za kipenyo cha milimita 776 hivi; ukiivalisha 265/70R17 kipenyo kinafika 803, na difu inapanda nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 13. Ndiyo faida yote utakayoipata pale chini. Spidomita nayo itadanganya kidogo: mshale ukisema 80, gari liko karibu 83.

Faida ya springi ndefu iko kwingine. Inapatikana nafasi ya tairi kubwa kuzunguka bila kusugua bodi, bampa na ndoano ya kuvutia hazichimbi ukingo wa mtaro, ngao ya injini inavuka mawe, na gari likipakiwa halikai juu ya raba zake za kugotea. Kwenye udongo mweusi wa Kano, kutoka Ahero kwenda ndani kwenye mashamba ya mpunga, urefu peke yake hausaidii kushika njia. Huko kinachokutoa ni tairi zenye meno yaliyoachana na hewa iliyopunguzwa. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu na kazi yake iko Kano anunue tairi kwanza.

Sasa uzito. Kabla ya kupiga simu dukani, andika vitu vinavyokaa kwenye gari siku zote, si vya safari moja. Bampa ya chuma huwa na kilo 60 hadi 80. Winchi ya kuvuta tani 4.3, ile inayoandikwa 9500, pamoja na waya wake wa chuma, ni kilo 40 nyingine hivi. Kwa kuwa vitu hivyo viko mbele ya ekseli, ekseli inabeba zaidi ya uzito wao. Prado 120 ya milango mitano ina milimita 2,790 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiitundikia kilo 100 milimita 900 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo inaongezewa kilo 132, na ya nyuma inapunguziwa kilo 32. Hapo utaelewa kwa nini gari lililofungwa bampa na winchi juu ya springi za kiwanda huinamisha pua na kugota kwenye kila tuta la Nakuru mjini.

Springi za nyuma huuzwa kwa viwango vya mzigo: za gari tupu, za mzigo wa wastani, za mzigo mzito. Neno la kuzingatia ni mzigo wa kudumu. Mkulima wa Njoro anayebeba magunia kumi ya kilo 50 Jumamosi moja kwa mwezi hahitaji springi za kilo 500. Akizifunga, siku nyingine zote gari litakaa juu kupita kiasi, nyuma itarukaruka kwenye murramu, na breki ya nyuma itakosa mshiko kwa sababu gurudumu linapaa. Kwake springi za wastani zinatosha, na kama gari lina koili nyuma, aongeze mifuko ya hewa inayoingia ndani ya koili, aijaze siku ya mzigo tu. Mifuko ya hewa kwenye pikapu yenye springi za mabamba ni habari nyingine. Pale mzigo wote unakusanywa kwenye sehemu moja ndogo ya chesisi, na dabokabi iliyopakiwa sana nyuma ya ekseli inaweza kupinda chesisi nyuma ya kabini. Tunashauri mtu anunue springi zenye bamba la ziada chini, lile linaloanza kufanya kazi mzigo ukifika tu.

Kufunga seti ya kuinua peke yake hakuongezi uwezo halali wa gari kubeba. Ekseli, breki, beringi na chesisi ni zile zile. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kabla ya kazi, kwa maandishi.

Kwa bidhaa zenyewe, tuanze na za chini kabisa. Spesa, kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya strati ya mbele (shokabu iliyo ndani ya koili), ndiyo njia ya bei rahisi na ndiyo inayofungwa zaidi jua kali. Kwa kuwa strati imeshikwa karibu na katikati ya mkono wa chini, chuma kinachoshika gurudumu kwenye chesisi, spesa ya milimita 25 huinua gari karibu 50 kwenye gurudumu. Gari linabaki laini kama zamani, na kwa mtu wa lami na murramu nyepesi haina ubaya mkubwa. Tatizo liko kwenye ncha mbili za mwendo wa gurudumu. Gurudumu likishuka, linashuka zaidi ya ilivyokusudiwa, na bolijointi (viungo vya mkono) na sivi jointi (viungo vya shafti inayozungusha gurudumu) zinafika kwenye pembe zisizozoea. Likipanda, shokabu inajikunja hadi mwisho kabla mkono haujafika kwenye raba ya kugotea, na hapo shokabu inakuwa ndiyo nyundo. Mwenye kupita mashimo ya ghafla kila siku ataua shokabu za mbele mapema. Zaidi ya milimita 25 juu ya strati, tuikatae kabisa.

Kukaza toshenibaa, fimbo ya chuma inayojipinda badala ya koili, kwenye Hilux za zamani za fremu huru mbele (kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake), Pajero za zamani, D-Max ya kizazi cha kwanza na Land Cruiser 100 hakuna gharama ila ya spana, ndiyo maana kila fundi anaipendekeza. Ijulikane kwamba kukaza hakuongezi ugumu wa chuma. Kunabadilisha tu mahali kinapoanzia. Gari linahisi gumu kwa sababu gurudumu halina tena nafasi ya kushuka na mkono unagonga raba ya juu kila unapovuka shimo. Milimita 25 hadi 30 zinatosha. Anayetaka zaidi, au mwenye bampa nzito, anunue toshenibaa nene zaidi.

Kukunja springi za mabamba kwa moto tunakupinga bila kuzunguka. Chuma cha springi hupata nguvu yake kiwandani kwa kuchemshwa, kuzimwa ghafla, halafu kupashwa tena kwa joto dogo linalodhibitiwa. Ukikirudisha kwenye makaa na kukigonga kwa nyundo, nguvu hiyo inapotea. Bamba linasimama vizuri siku unayotoka gereji, kisha linalala tena, au likizimwa vibaya linapasuka, na mara nyingi ufa huanzia kwenye tundu la senta bolti. Kama fedha hazitoshi, afadhali kukunja kwa baridi kwenye presi na kuongeza bamba moja jipya.

Daraja linalofuata ndilo tunaloona linamfaa msomaji wetu wa kawaida: koili mpya zilizopimwa kwa mzigo, pamoja na shokabu za gesi zenye mirija miwili, moja ndani ya nyingine. Humu kuna Nitrocharger ya Old Man Emu na Nitro Gas ya Ironman, zote chapa za Australia, nchi yenye barabara ndefu za vumbi na magari yale yale tunayoendesha sisi. Dobinsons, Waaustralia pia, wanajulikana zaidi kwa springi zao. Uzuri wa mirija miwili ni kwamba jiwe likigonga ganda la nje na kulibonyeza kidogo, pistoni iliyo ndani inaendelea na kazi. Kwa murramu yenye kokoto kubwa hilo si jambo dogo. Udhaifu wake ni joto. Kwenye barabara iliyojaa mawimbi madogo, kama zile za chini Bonde la Kerio wakati wa kiangazi, shokabu inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, nguvu yote hiyo inageuka joto, mafuta yanakuwa mepesi na yakichanganyika na gesi yanatoa povu. Povu halizuii kitu. Dereva anahisi gari limeanza kuelea, na mkia unateleza kwenye kona.

Kwa kazi ya namna hiyo ya kila siku, au gari zito, ongeza fedha kidogo ununue shokabu za ganda nene zenye sponji ya seli zilizofungwa ndani. Ironman na Tough Dog wanazo wote wawili na wanaziita Foam Cell. Sponji inachukua nafasi ya gesi huru, kwa hiyo mafuta hayana cha kuchanganyika nacho, na kwa kuwa ganda ni nene kuna mafuta mengi zaidi ya kubeba joto. Kwa Land Cruiser 79 ya shirika au ya shamba hatuoni haja ya kutafuta kingine. Kwa Prado ya familia huwa nzito na ngumu bila sababu.

Bilstein 5100 ya Wajerumani ni ya mrija mmoja. Gesi yenye presha kubwa imetengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, povu halipati nafasi, na kwa kuwa ukuta ni mmoja joto linatoka haraka. Strati zake za mbele zina mifereji ya kupangia kimo, kwa hiyo unaweza kuinua kwa springi ya kiwanda. Kwenye lami, kutoka Nakuru hadi Mau Summit na kuteremka Kericho, hakuna seti ya bei hii inayolituliza gari lililoinuliwa kama hii. Ila ganda likibonyezwa na jiwe, pistoni inakwama, shokabu imekwisha. Mbele koili inaikinga; nyuma ifungiwe ngao.

Shokabu za kurekebishwa ugumu, kama BP-51 ya Old Man Emu, ni kazi nzuri ya uhandisi, lakini zimetengenezwa zifunguliwe na kuhudumiwa na fundi mwenye vifaa vyake. Anayeishi Kitale au Siaya afikirie hilo kabla ya kulipa.

Shokabu za mtumba kutoka Japani zinazopangwa kwenye maduka ya vipuri, zimepakwa rangi nyeusi zikang'aa, usinunue kwa gari la kuinua. Kwanza ni fupi, za kimo cha kiwanda. Springi ikiwa ndefu kwa milimita 50 na shokabu ikabaki fupi, gurudumu linapoteza milimita 50 za kushuka na utasikia mlio wa kugota kila linaponing'inia. Pili, sili zake zimezeeka. Bandia nazo zipo. Shika shokabu mpya ya gesi, ikandamize kwa uzito wa mwili kisha uiachilie: inapaswa kurudi juu yenyewe, polepole, kwa mwendo mmoja usiokatika. Ikiruka au ikipita mahali pepesi ghafla, iache. Springi zilizo halali zina namba, na namba hiyo ifanane na iliyo kwenye katalogi ya gari lako na kwenye risiti. Simamisha mbili za ekseli moja sambamba sakafuni ulinganishe kimo kabla hazijaingia kwenye gari. Chapa hizi kubwa zinapatikana zaidi Nairobi, na gereji za Nakuru na Kisumu huziagiza, kwa hiyo sisitiza namba za kila kipande ziandikwe kabla hujatuma hata shilingi. Kurudisha mzigo Nairobi kutoka Kisumu kwa sababu koili ni za injini ya petroli na gari lako ni la dizeli ni hasara ya siku kadhaa.

Prado 120, Prado 150, Hilux Vigo na Revo zina fremu huru mbele na strati ndani ya koili. Hizi zisiinuliwe zaidi ya milimita 50, na kwa wengi 40 zinatosha. Lala chini ya iliyozidishwa uangalie raba ya sivi jointi: mikunjo ya upande mmoja imebanana hadi inasuguana, ya upande wa pili imenyooka kabisa. Vumbi likiingia katikati ya mikunjo inayosuguana linakata kama msumeno. Dalili ya kwanza ni mstari wa grisi uliorushwa ndani ya rimu au juu ya mkono wa chini, halafu maji na mchanga vinaingia, halafu mlio wa tak-tak ukikata kona. Kuteremsha difu ya mbele kwa vipande vya chuma hupunguza pembe hiyo, lakini kunakula sehemu ya nafasi uliyoilipia. Kwa milimita 50 hakuhitajiki.

Kuinua fremu huru hupunguza kasta, ile pembe ya kulala nyuma inayofanya usukani urudi wenyewe. Gari linaanza kutangatanga kwenye lami, na upepo wa lori linalokupita unalisukuma. Hurekebishwa kwa bolti mbili za kila mkono wa chini, zenye duara lisilo la katikati. Bolti hizi ndizo zinazoharibu bajeti za watu. Kwenye gari lenye umri zimeshikana na mrija wa chuma ulio ndani ya bushi kwa kutu, hazizunguki, na fundi wa alaimenti anakurudishia karatasi yenye namba nyekundu akisema gari ni bovu. Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi azijaribu. Kama hazizunguki, weka kwenye hesabu bolti mpya na bushi mpya, na muda wa kuzikata kwa grinda. Zikizunguka lakini kasta bado haifiki, basi ndipo mkono wa juu wa kubadilisha una kazi.

Angalia pia gari lako lina nini kabla ya kuagiza. Prado zilizoletwa kutoka Japani za daraja la juu nyingine zina mifuko ya hewa nyuma badala ya koili, nyingine zina shokabu zenye waya wa umeme. Seti ya kawaida itaingia, ila taa ya onyo itawaka dashibodi na mfumo wa hewa utahitaji kuzimwa kwa njia yake. Prado 150 yenye KDSS, mfumo wa majimaji unaozuia gari kuinama kwenye kona, ina vali mbili za majimaji kwenye chesisi zinazopaswa kulegezwa kidogo wakati wa kazi na kukazwa gari likiwa chini, sehemu tambarare. Fundi asiyejua hilo atakurudishia gari lililoinama upande mmoja, kisha aanze kukata spesa za kulisawazisha.

Fimbo ya nyuma inayozuia ekseli kwenda pembeni, ile ya Panhard, huuzwa pamoja na seti nyingi, ya kurekebishika, na si kila gari linaihitaji. Kwa milimita 50 ekseli husogea milimita chache tu. Pima kutoka ukingo wa tairi hadi chesisi, kulia na kushoto. Tofauti ikiwa ndogo na tairi hazisugui, fedha hiyo nunulia hozi za breki.

Land Cruiser 76, 78 na 79, ile yenye injini ya 1HZ inayotumika hapa na wakulima, hospitali na serikali, ina ekseli nzima mbele yenye koili na springi za mabamba nyuma. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu, kwa hiyo gari likipanda, ekseli nzima inageuka na kasta inapungua, kama digrii 2 hadi 3 kwa milimita 50. Land Cruiser 80, Patrol Y61 na Jimny mbele ni vivyo hivyo. Bila bushi au sahani za kurekebisha kasta, usukani unaweza kuanza kutetemeka vibaya ukigonga shimo kwenye mwendo wa kati. Wengi hukimbilia kununua dampa ya usukani, ile shokabu ndogo ya kutuliza usukani. Dampa inaficha. Chanzo ni kasta iliyopotea, bushi ya fimbo ya Panhard iliyolegea, au beringi za kingi pini, zile za kugeuzia gurudumu, zilizokwisha. Hivyo vitatu vitengenezwe kwanza, na seti isiyokuja na bushi za kasta ihesabiwe kuwa nusu seti.

Nyuma ya 79 tafuta springi ambazo bamba la pili limezunguka jicho la bamba kuu. Bamba kuu likikatika katikati ya njia ya Cherangani, la pili linaishika ekseli ufike mjini. Shakeli, viungo vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesisi, ziwe na nipeli za grisi, na zitiwe grisi kila huduma, kwa sababu vumbi la murramu likiingia kwenye shakeli kavu linakula pini na bushi pamoja. Yubolti, bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya kila mara. Za zamani zimeshanyooka kwa mkazo na hazishiki tena sawasawa. Kwenye gari lenye vali ya breki inayosoma mzigo, ile yenye fimbo iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma, kuinua kunaifanya vali iamini gari ni tupu, na breki za nyuma zinapunguziwa nguvu wakati zinapohitajika, gari likiwa limejaa likiteremka Nandi kwenda Kibos. Kibano cha kuinua mshikio wa fimbo hiyo ni kipande kidogo cha chuma. Kidai.

Jimny ya milango mitatu ni nyepesi na fupi, milimita 2,250 kati ya ekseli. Milimita 40 zinaibadilisha kabisa kwenye mawe ya njia ya Menengai. Ikipandishwa juu zaidi ya hapo huyumba kwenye kona.

Siku ya kazi, mwaga mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote jioni ya kabla. Asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare na tangi la mafuta likiwa kwenye kiwango utakachokumbuka, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka ardhini, maana hewa ya tairi itaingia kwenye hesabu. Gari lipandishwe juu ya stendi zilizokaa chini ya chesisi, na jeki iteremshe ekseli polepole huku mtu akiangalia hozi za breki, waya za ABS na bomba la pumzi la difu. Kalipa isining'inie kwa hozi yake hata kidogo. Strati ifunguliwe kwa mashine ya kubana koili iliyofungwa imara, si kwa waya na nati mbili. Koili iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya la fundi, na gereji isiyokuwa na mashine hiyo ipeleke strati kwa iliyo nayo.

Kosa moja hufanyika karibu kila gereji. Bushi za raba zimegandishwa kwenye mirija yake. Bolti ikikazwa, mrija wa ndani unashikwa na raba inajikunja gari linapopanda na kushuka. Fundi akikaza bolti huku magurudumu yananing'inia, raba inaanza maisha yake ikiwa imeshanyongwa. Gari likishushwa, kimo kinakuwa juu kwa milimita kadhaa kwa uongo, na baada ya muda raba inachanika na kuachana na chuma. Bolti zote za bushi zikazwe za mwisho, tairi zikiwa chini na uzito wa gari ukiwa juu yake, kwa spana ya kupimia mkazo na kwa namba zilizo kwenye kitabu cha gari.

Hozi za breki zikaguliwe gurudumu likiwa limeshuka hadi mwisho na usukani umekatwa kila upande. Ikivutika, nunua ndefu, halafu toa hewa kwenye breki. Bomba la pumzi la difu lirefushwe hadi juu ya injini na nyuma hadi juu ya bodi: gari lililoinuliwa litaingia maji ya kina zaidi pale Nyando ikifurika, na difu yenye joto ikiguswa na maji baridi inayavuta ndani kupitia sili. Mafuta ya difu yakigeuka meupe, yamwagwe siku hiyo hiyo. Alaimenti ifanywe jioni hiyo au kesho yake, na taa kubwa zishushwe, kwa sababu zimeinuka pamoja na pua ya gari na zinawapofusha wanaokuja.

Kwenye mawimbi ya vumbi, shokabu yoyote hudumu zaidi tairi zikisaidia kazi. Kutoka 36 psi shuka hadi 26 hivi, punguza mwendo, na urudishe hewa ukifika lami.

Baada ya kilomita 500 rudi gereji kwa yubolti, nati za rimu, bolti za mikono na za shokabu. Yubolti zilegee au zisilegee, zikazwe tena kwa kipimo. Kwenye kilomita 1,000 pima tena pembe zote nne, tangi likiwa kwenye kiwango kile kile. Springi mpya hushuka milimita chache zikikaa. Upande mmoja ukiwa umeshuka zaidi ya milimita 10 kuliko mwenzake, hakikisha kwanza bushi zilikazwa gari likiwa chini na KDSS, kama ipo, ilisawazishwa. Ikiwa hayo yako sawa, irudishe springi dukani na risiti yake yenye namba.